MBEGU ZIMECHIPUA, MICHE IMEKUFA: Namna ya kuotesha mchicha ndani ya nyumba hapa Birmingham



Leo safu yetu ya afya haizungumzii vidonge. Tunazungumzia mboga, tena ile uliyolia ugali tangu utotoni: mchicha. Na tunazungumzia hasa wiki tatu za mwanzo za maisha yake, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunashindwa, tunakata tamaa, na kurudi kwenye chipsi kuku za kona ya mtaa.

Hata mimi ninayekuandikia nilishindwa. Mama mzazi alipokuja kukaa nasi, daktari alimshauri apunguze chumvi na aongeze mboga za majani. Spinachi ya dukani hakuitaka kabisa, alisema inateleza na haina ladha. Mboga aliyoizoea ilikuwa inauzwa fungu dogo kwa bei ambayo unalishika, unalitazama, unalirudisha. Basi nikanunua pakiti ya mbegu, nikazimwaga kwenye trei, nikaiweka juu ya redieta. Siku ya nne zilikuwa zimechipua karibu zote, tukapiga na picha. Siku ya kumi na mbili miche yote ilikuwa imelala chini kama nyuzi. Mama aliiangalia ile trei akaniuliza swali moja tu: "Kwani unaimwagilia mara ngapi?"

Nilikuwa naimwagilia asubuhi na jioni. Kama na wewe yamekukuta, endelea kusoma.

KWA NINI NYUMBANI MCHICHA UNAJIOTEA WENYEWE?

Kule kwetu mchicha unaota hata nyuma ya choo bila kuulizwa. Hatukufundishwa habari ya mwanga kwa sababu mwanga haukuwa tatizo: karibu na ikweta mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Birmingham iko zaidi ya nyuzi 52 kaskazini ya ikweta. Mwezi Desemba mchana wake haufiki saa 8, na mwezi Juni unakaribia saa 17. Maji hapa ni mengi, joto la ndani unalinunua, lakini mwanga ndio adimu. Sisi tunafanya kinyume: tunaongeza maji na joto, mwanga tunausahau.

Elewa jambo hili moja na mengine yatakuwa rahisi. MBEGU na MCHE vina mahitaji tofauti. Mbegu ikiwa chini ya udongo inahitaji unyevu, joto na hewa, wala mbegu nyingi za mboga hazihitaji mwanga, kwa kuwa zimebeba chakula chao ndani. Lakini akiba ya mbegu ya mchicha ni ndogo mno. Gramu moja tu ina mbegu zaidi ya 1,000! Kwa hiyo siku mche unapotokeza kichwa, akiba imekaribia kwisha na unahitaji mwanga ili ujitengenezee chakula. Ukikosa mwanga unarefuka kuutafuta, shina linakuwa jembamba na jeupe, kisha linaanguka. Joto likizidi wakati mwanga ni hafifu, unarefuka haraka zaidi. Ndiyo maana juu ya redieta ni mahali pazuri pa mbegu na mahali pabaya pa mche.

MBEGU UTAPATA WAPI?

Huna haja ya kuficha mbegu kwenye soksi ukitoka likizo. Mbegu za kupanda zinazotoka nje ya Ulaya kwa kawaida zinatakiwa ziwe na cheti cha afya ya mimea, na usipokuwa nacho zinaweza kuchukuliwa uwanja wa ndege. Tena majirani zetu wanakula mboga hiyo hiyo. Kwa Mjamaika wa Handsworth inaitwa callaloo. Mbangladeshi wa Sparkbrook au Small Heath aina nyekundu anaiita lal shak. Mhindi anaijua kwa jina la chaulai. Yote hiyo ni jamii ya mchicha. Uliza kwa majina hayo kwenye maduka ya mbegu na ya vyakula vya Kiasia na Kikaribea.

Wala usidhani hali ya hewa ya hapa haiwezi. Bustani za Uplands kule Handsworth zina viwanja zaidi ya 400, na wazee wa Kikaribea na wa Kiasia wamelima mboga za kwao mjini hapa kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 shirika la Garden Organic lilikuwa na mradi ulioitwa Sowing New Seeds, uliokusanya mbegu na ujuzi wa wakulima wa namna hiyo katika eneo hili la Midlands. Callaloo ilikuwa mojawapo.

UANZE LINI?

Anza katikati ya Aprili hadi Juni. Ukianza Januari kwa pupa utapata hasara mbili: mwanga hautoshi, na aina nyingi za mchicha zikikuta mchana mfupi zinakimbilia kutoa maua kabla ya kutoa majani ya maana.

HATUA KWA HATUA

1. Tafuta trei au makopo ya mtindi, uyatoboe matundu chini. Yaoshe kwa sabuni na maji ya moto. Chombo kichafu kinabeba ugonjwa.

2. Jaza udongo laini wa kuoteshea mbegu unaouzwa madukani. Usichote udongo wa nje, una vimelea na magugu. Mwagilia KABLA ya kupanda, acha maji yote yachuruzike. Ukiukamua mkononi ushikane bila kutoa maji.

3. Changanya mbegu na mchanga mkavu kidogo ili zisirundikane, kisha zinyunyize kwa uchache. Funika kwa tabaka jembamba la udongo, nusu sentimita au pungufu. Mbegu ndogo ukiizika sana inakufa njiani.

4. Funika kwa mfuko wa plastiki unaoonyesha, weka mahali penye joto la nyuzi 20 hadi 28. Juu ya kabati karibu na boila panafaa. Ukitumia redieta weka ubao katikati, na hakikisha udongo haukauki. Mchicha huchipua ndani ya siku 3 hadi 7.

5. Angalia kila asubuhi. SIKU YA KWANZA unapoona miche michache inatokeza, ondoa plastiki na hamisha trei kwenye mwanga. Usingoje zote zitoke. Hapa ndipo mimi nilipokosea, nilisubiri siku nne.

6. Weka kwenye dirisha linalotazama kusini, na geuza trei kila siku. Nyuma yake simamisha kadibodi uliyoifunika karatasi ya fedha ya jikoni ili irudishe mwanga. Kama flati yako inatazama kaskazini, nunua taa nyeupe ya LED, iweke sentimita 15 hadi 30 juu ya miche, iwake saa 12 hadi 14 kwa siku. Taa ya wati 20 ikiwaka saa 14 haifikishi theluthi moja ya yuniti ya umeme. Usiku izime.

7. Mwagilia kutoka chini. Weka trei kwenye beseni lenye maji kidogo kwa dakika 15 hadi 20, kisha itoe ichuruzike. Usirudie mpaka udongo wa juu uanze kukauka. Mchana fungua mlango wa chumba hewa ipite.

8. Majani mawili ya mwanzo ni ya mbegu, siyo majani ya kweli. Yakifuata majani mengine mawili, hamishia kila mche kwenye kopo lake. Ushike kwa JANI, usiushike kwa shina. Jani likikatika linaota lingine, shina likivunjika mche umekwisha.

9. Baridi kali ya usiku hapa inaweza kuja hadi katikati ya Mei. Kabla ya kuitoa miche moja kwa moja, izoeshe nje kwa siku 7 hadi 10: saa chache mchana, usiku inarudi ndani. Kama huna bustani, ndoo yenye matundu kwenye baraza inatosha.

Wiki 4 hadi 6 tangu kupanda unaweza kuanza kuchuma. Chuma ncha na uache shina, litatoa matawi.

NA MBEGU KUBWA KAMA BAMIA, KUNDE NA PILIPILI?

Hizi unaweza kuzichipuisha kwanza kwenye karatasi ya tishu. Bamia ziloweke usiku mmoja. Panga mbegu juu ya tishu iliyolowa lakini isiyodondosha maji, ikunje, tia ndani ya mfuko na uweke mahali penye joto. Kunde huchukua siku chache tu, pilipili zinaweza kufika wiki mbili au tatu, usizitupe mapema.

Mzizi mweupe ukifika nusu sentimita hivi, panda siku hiyo hiyo. Usiuguse, ncha yake ndiyo inayokua na ikivunjika mbegu haipati nyingine haraka. Shika ganda, toboa shimo la sentimita moja kwa kalamu, weka mzizi ukielekea chini, funika bila kushindilia. Ukichelewa, mzizi utaingia ndani ya tishu. Usiuvute! Kata kipande cha tishu na ukipande pamoja na mbegu.

SOMA DALILI

Miche mirefu, myembamba, inainama upande wa dirisha: mwanga hautoshi. Isogeze, punguza joto.

Shina limenywea na kuwa kama uzi usawa wa udongo, mche umelala: huo ni kinyausi, ugonjwa wa vimelea jamii ya ukungu wanaopenda udongo uliolowa na hewa iliyosimama. Mche ulioanguka hauponi. Utoe pamoja na udongo wake, acha kumwagilia, pitisha hewa, okoa waliobaki.

Majani ya mbegu yamekuwa njano na udongo una maji: mizizi inakosa hewa. Subiri ukauke. Usikimbilie mbolea, mche mchanga unaungua.

SASA AFYA YAKO MWENYEWE

Udongo wa mifuko unaweza kuwa na bakteria jamii ya Legionella, ambao wakivutwa na pumzi huleta homa ya mapafu. Ni nadra, lakini mzee au mgonjwa wa kifua asidharau. Fungulia mfuko nje au dirisha likiwa wazi, usiinamishe uso juu yake, ulowanishe vumbi lisiruke, nawa mikono kwa sabuni.

Kama nyumba yako tayari ina ukungu ukutani na mtoto ana pumu, usijaze trei za maji chumbani anamolala. Weka jikoni.

Mbegu za pakiti zenye rangi ya ajabu zimepakwa dawa. Ni za kupanda, siyo za kula. Na wale wanaochipuisha choroko au uwatu ili wale, wapikeni mpaka ziive. Joto na unyevu unaoamsha mbegu unaamsha na bakteria. Mwaka 2011 kule Ujerumani watu karibu 4,000 waliugua na zaidi ya 50 walifariki kwa E. koli, na uchunguzi uliishia kwenye mbegu za uwatu zilizochipuishwa. Wajawazito, wazee na watoto wadogo hasa wasile mbichi.

Mchicha una foleti, vitamini K, madini ya chuma, na kile mwili unachokigeuza kuwa vitamini A. Madini ya chuma ya mboga yanaingia mwilini vizuri zaidi ukikamulia limau au ukila na nyanya, na chai ya rangi ingoje kama saa moja baada ya chakula. Anayetumia dawa ya warfarin asianze ghafla kula mchicha kila siku, kwa sababu vitamini K inapunguza nguvu ya dawa hiyo. Azungumze kwanza na kliniki yake. Aliyewahi kuugua mawe ya figo auchemshe na kumwaga maji, na amuulize daktari kiasi.

Mama alipoanza kushika trei yeye mwenyewe, hakuipa maji mpaka aguse udongo kwa kidole. Mwezi Julai tulikula mchicha wa kwanza, sahani moja tu kwa watu wanne, wenye nazi na chumvi kidogo. Alimaliza wa kwake akaomba wa mjukuu.

Kama una mzee nyumbani asiyetoka, mpe kazi hii. Atakuwa na kitu cha kuamkia asubuhi, na wewe utapata mboga. Jaribu trei moja tu mwaka huu.

Kila la heri, na afya njema kwako na wote walio nyumbani.