Goti likiuma, usitupe raba zako

MWALIMU mmoja wa shule ya msingi alinijia hapa mjini Meru asubuhi ya Jumatatu akichechemea. Ana umri wa miaka 41 na amekuwa na ugonjwa wa shinikizo la damu kwa miaka mitatu. Kwa muda wa miezi minane alikuwa akikimbia alfajiri kabla ya kwenda kazini, na presha yake ilikuwa imeteremka hata nikaanza kufikiria kumpunguzia dawa. Siku hiyo ilikuwa imepanda tena. Mkobani alikuwa na tembe za diklofenaki alizojinunulia dukani, na alikuwa amezimeza kwa majuma matatu mfululizo.

"Daktari, majirani wanasema mafuta ya magoti yangu yameisha," aliniambia. "Nimekuja unieleze kama ni kweli, ili niache kukimbia."

Msomaji, huenda nawe umeambiwa hivyo. Siku hizi ukitoka alfajiri, iwe Meru, Chuka au Embu, hukosi kukutana na watu wazima wakikimbia. Wengine wametumwa na daktari kwa ajili ya presha au kisukari. Wengine wanajitayarishia mbio za Lewa, zilizoanza mwaka 2000 katika hifadhi ya wanyamapori iliyoko Kaunti ya Meru. Na wengi wao wanapokuja kwangu, kilio chao ni goti.

Je, kukimbia humaliza goti?

La hasha. Goti si gari la kumwagiwa oili likakauka. Ute unaolainisha kiungo hutengenezwa na mwili wenyewe kila siku, nayo gegedu iliyo kwenye ncha za mifupa hulishwa na ute huo goti linapokunjwa na kunyooshwa. Mwaka 2017 wataalamu walikusanya tafiti nyingi kuhusu jambo hili. Miongoni mwa watu wanaokimbia kwa kujifurahisha, asilimia 3.5 walikuwa na ugonjwa wa kulika kwa viungo vya nyonga au magoti. Miongoni mwa wasiokimbia walikuwa asilimia 10.2, na miongoni mwa wanariadha wa mashindano makubwa asilimia 13.3. Hesabu hizo hazithibitishi kwamba kukimbia ni kinga, lakini hazimpi nguvu jirani anayesema kwamba mbio za kiasi huharibu magoti.

Kwa nini basi liume? Mara nyingi ni kwa sababu tumelibebesha mzigo kabla halijauzoea. Nilipomhoji mwalimu wangu, alisema kwamba alikuwa akikimbia kilomita 5 mara tatu kwa wiki bila ya taabu. Kisha akajiandikisha kwa mbio za kilomita 21, na katika muda wa wiki mbili akaruka hadi kilomita 10 kwa siku tano za wiki, akielekea upande wa Nkubu na kurudi.

Anayeifahamu barabara itokayo Meru hadi Embu anajua ilivyo. Mito itokayo Mlima Kenya, kama Mutonga, Nithi na Thuci, imechimba mabonde, na barabara haina budi kushuka na kupanda. Mpando huchosha pumzi, lakini mteremko ndio huumiza goti. Unapoteremka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki. Ikichoka, mzigo wote huangukia goti.

Uchunguze mahali panapouma. Maumivu ya mbele, kuizunguka pia ya goti, yanayozidi ukiteremka ngazi au ukikaa kwa muda mrefu ndani ya matatu, hutokana na pia hiyo kugandamizwa kwenye mfupa wa paja. Haya ndiyo ya kawaida zaidi. Maumivu ya upande wa nje, yanayokuja baada ya mwendo fulani, mara nyingi ni ya ule mshipi mgumu ushukao kutoka nyongani. Chini kidogo ya pia, huenda ni kano iliyochoka. Yote matatu hutibika bila ya kisu.

Ufanye nini?

Kwanza, punguza mbio, lakini usilale kitandani. Kimbia mahali tambarare kama uwanja wa shule, au tembea kwa haraka. Pima maumivu kwa hesabu ya 0 hadi 10. Yakiwa hayapiti 3, na yakaisha kabla ya siku ya pili, endelea. Yakizidi hapo, rudi nyuma.

Pili, imarisha misuli ya mapaja na makalio. Egemea ukuta kama uliyekalia kiti, uhesabu hadi 30. Panda na kushuka ngazi moja polepole mara 10 kwa kila mguu. Lala ubavu, inua mguu wa juu ukiwa umenyooka, mara 10. Rudia kila zoezi mara tatu, siku tatu kwa wiki. Usitarajie muujiza katika siku nne. Mwili huhitaji wiki 6 hadi 12.

Tatu, fupisha hatua zako, hasa kwenye mteremko. Hatua fupi za haraka hupunguza kishindo. Nne, ukiongeza mwendo, ongeza kidogo kidogo kila wiki. Na ukinunua raba za mitumba, geuza soli uitazame: iliyolika upande mmoja mwachie muuzaji.

Kuhusu dawa, barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 10 hadi 15 yaweza kutuliza maumivu, na parasetamoli hutosha kwa wengi. Diklofenaki na jamii yake si peremende. Huweza kupandisha presha, kuchubua tumbo na kudhuru figo, na hatari ni kubwa zaidi kwa mtu mwenye maradhi ya presha, moyo au figo. Isitoshe, anayemeza dawa ili apate kukimbia amezima king'ora huku mwizi angali ndani ya nyumba. Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe, nikiwa na miaka yangu arobaini na ushei, niliwahi kufanya ujinga huo, nikakaa miezi minne bila kukimbia.

Zipo dalili zisizongoja mazoezi. Goti likivimba ghafla baada ya kujipinda, likikwama lisinyooke, likilegea chini yako, au likiuma usiku hata umepumzika, mwone daktari. Likiwa la moto, limevimba na una homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani usaha ndani ya kiungo hukiharibu upesi. Na anayekunywa maziwa yasiyochemshwa, akipatwa na homa za kuja na kuondoka pamoja na maumivu ya viungo, apimwe ugonjwa wa brusela.

Mwaka 2013 David Rudisha, bingwa wa Olimpiki wa mita 800, aliumia goti akakosa mashindano ya dunia ya Moscow. Alirejea mwaka uliofuata, na mwaka 2016 akatwaa tena dhahabu ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro. Ikiwa mtu ambaye riziki yake i miguuni aliweza kungoja, sisi tunaokimbia kwa ajili ya afya tuna haraka gani?

Mwalimu wangu hakwenda Lewa mwaka huo. Aliziacha zile tembe, akatembea, akaegemea ukuta wa jikoni kwake kila jioni huku wanawe wakimhesabia. Baada ya miezi mitatu alikuwa amerudia kilomita zake 5, na presha ilikuwa imeshuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, msomaji, lakini usibomoe nyumba nzima kwa sababu ya ufa mmoja.