Unataka Kusomea Ayurveda? Ichunguze Saluni Kwanza!

Masaji ya Ayurveda inavutia, bwana. Mafuta ya uvuguvugu, chumba kimya, mteja anasinzia na wewe unaingiza pesa. Kama wewe na mwenzio mna ndoto ya kufungua saluni yenye huduma hiyo, huenda tayari mnaangalia shule za Kerala, kusini mwa India, ambako tiba hii ina mizizi mirefu. Baadhi zimeunganishwa na saluni: asubuhi darasani, mchana kwa wateja. Wazo zuri, ila nauli, ada na malazi vinaweza kumaliza akiba yenu yote ya kiwanja. Msiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Jua unachokwenda kusomea
India daktari wa Ayurveda anasoma miaka mitano na nusu, ukiwemo mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi. Shule inayokuahidi udaktari kwa wiki sita inakudanganya mchana kweupe. Unachoweza kupata kwa muda mfupi ni ufundi wa mikono. Kuna abyanga, yaani kukanda mwili mzima kwa mafuta ya uvuguvugu, mara nyingi ya ufuta. Shirodhara, mafuta yanayotiririshwa polepole kwenye paji la uso. Na udvartana, kusugua mwili kwa unga wa mitishamba. Hii ya mwisho, dada wa Pwani aliyewahi kupakwa singo kabla ya harusi hataiona ngeni.

Mikono ya nani inafanya kazi?
Shule ikiwa ndani ya saluni, unagusa miili ya watu wa kila aina: mnene, mwembamba, mzee, mwenye mgongo uliokakamaa. Video haiwezi kukufundisha uzito wa kiganja. Lakini saluni hiyohiyo inaweza kukugeuza kibarua anayelipa ada! Kabla hujatoa hata senti, omba kushinda pale siku moja, au mtume mtu unayemwamini. Angalia haya:

• Mwalimu anasimama kando ya kitanda na kusahihisha mkono wa mwanafunzi, au yuko kaunta na simu?
• Kitanda kimoja kina wanafunzi wangapi? Kumi wakikizunguka, wawili ndio wanaojifunza.
• Mteja anaambiwa kwamba atahudumiwa na mwanafunzi, na anakubali?
• Kabla ya kuguswa anaulizwa kuhusu mimba, homa, presha na vidonda?
• Wewe mwenyewe utakandwa? Asiyewahi kulala pale hajui mafuta yakizidi moto yanaumaje.
• Kufua taulo kunahesabiwa kama saa ngapi za mafunzo? Usafi ni sehemu ya kazi, sio kozi nzima.

Chunga vidonge
Mwaka 2008 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha uchunguzi wa dawa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa kwenye intaneti. Karibu moja kati ya tano ilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Kwa hiyo mwalimu anayekwambia “ni mitishamba tu, haina madhara” umwogope. Mwalimu mzuri atakufundisha pia mahali pa kuishia. Na ukirudi Tanzania, masaji ya kuburudisha ni jambo moja, kudai unatibu ni jingine: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawahusu wanaotoa tiba hizo.

Na mwenzio je?
Tusifichane: kuna mume atakayenuna akisikia mkewe anakanda wanaume, na mke vilevile. Zungumzeni kabla ya safari, sio kwa simu ukiwa umeshafika. Kerala utaratibu uliozoeleka ni mwanamke kumhudumia mwanamke, na mwanaume kumhudumia mwanaume. Uliza kama shule yako inaufuata. Ulizeni pia ubalozi wa India ni viza ipi inayotakiwa kwa masomo hayo, halafu mkubaliane nani atalipa kodi ya nyumba wakati haupo.

Mwisho, omba namba za simu za wahitimu wawili. Waulize swali moja tu: siku ya kwanza kazini, mikono yao ilijua la kufanya? Wakisitasita, funga pochi yako na uendelee kutafuta.