Mpelelezi Katika Theluji: Mchezo wa Kona na Upokezi Wake kwa Mchezaji wa Pwani ya Kusini

Mjadala wa hadithi ya upelelezi katika Kiswahili umekuwa, kwa muda mrefu, mjadala wa vitabu. Huanza na Muhammed Said Abdulla wa Unguja na riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale (1960), hupitia kwa Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo (1965), kisha hufika kwa Elvis Musiba na Ben Mtobwa, na aghalabu huishia katika lile swali la darasani lisilokwisha: je, fasihi pendwa ni fasihi kamili? Wakati sisi tukiendelea kulijibu, kijana wa Ukunda au Msambweni ameshakutana na mpelelezi mahali pengine. Amekutana naye kwenye skrini, katika mchezo wa video, na hakumsoma tu bali alimwendesha kwa vidole vyake mwenyewe. Makala haya yanakusudia kuuangalia mchezo mmoja wa aina hiyo, uitwao Kona, na kueleza jinsi unavyopokelewa na wachezaji, hasa mchezaji wa pwani ya kusini ya Kenya ambaye theluji ameijua kwa jina tu.

Kona ulitolewa mwezi wa Machi 2017 na kampuni ya Parabole ya Québec, nchini Kanada. Mwendelezo wake, Kona II: Brume, ulitoka mwaka 2023. Mandhari ni kaskazini ya Québec mwaka 1970. Carl Faubert, askari mstaafu aliyegeuka mpelelezi wa kujitegemea, ameitwa na tajiri mmoja wa viwanda, Hamilton, achunguze ni nani anayeiharibu mali yake. Njiani Carl anapata ajali ya gari. Anapozinduka, tufani ya theluji imeifunga njia, nyumba za kijiji zimebaki bila watu, na aliyemwita, kama mchezaji atakavyogundua mapema, hawezi tena kumlipa. Yaliyobaki sitayasema, kwa kuwa kusimulia mwisho wa hadithi ya upelelezi kwa asiyeijua ni kumwaga mtama kwenye kuku wengi.

Jina lenyewe lina mzaha wake kwetu. Katika lugha ya Wakrii, ambao ni miongoni mwa wenyeji wa asili wa maeneo hayo, neno kôna ni theluji. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, kona ni pembe ya njia, mahali usipoona mbele. Nilipowatajia jina hili vijana wa Diani, mmoja alidhani ni mchezo wa magari ya mashindano, na mwingine akafikiria mpira wa kona. Wote walikosea, lakini si kwa mbali sana, maana hadithi ya upelelezi ni nini kama si kona baada ya kona?

Baridi kama mhusika

Wananadharia wa upokezi, hususan Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser, walitufundisha kwamba matini haikamiliki mpaka msomaji aiongezee alicho nacho. Jauss alisema juu ya upeo wa matarajio ambao msomaji huja nao. Iser akasema juu ya mapengo ambayo mwandishi huyaacha ili msomaji ayajaze. Katika Kona, pengo la kwanza ni la mwili wala si la akili. Mchezo hupima mambo matatu ya Carl: afya yake, joto la mwili wake na wahaka alio nao. Akikaa nje sana baridi humwua. Mbwamwitu wakimvamia wahaka hupanda na mkono wa kulenga bunduki hutetemeka. Sigara, pombe au dawa ya kutuliza maumivu hushusha. Dawa ya baridi ni moto, na moto unataka kuni, kibiriti na kitu cha kuwashia. Moto huo una kazi nyingine, kwa kuwa ndipo mchezaji anapohifadhi alipofikia. Ukifa kabla ya kuwasha moto mwingine, unarudishwa kwenye moto uliopita.

Jambo hili lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Katika riwaya, mpelelezi anaweza kukaa kitini, avute kiko kama Bwana Msa, na kuipanga dunia kichwani mwake huku Najum akimsikiliza. Muda ni mali yake. Carl hana muda huo. Kila barua anayosimama kuisoma nje ya nyumba humgharimu joto. Kwa hivyo mchezaji hujifunza kukimbia kutoka moto hadi moto, na upelelezi wenyewe hufanyika ndani ya nyumba za watu waliotoweka, kwenye meza zao na makabati yao, huku jiko la kuni likinguruma. Wachezaji wengi walioisifu Kona waliisifu kwa sababu hii: upweke, upepo, mwanga wa taa ya gari ndani ya weupe usio na mwisho. Waliofananisha waliitaja The Long Dark, mchezo mwingine wa Kikanada wa kunusurika baridini, ingawa huko baridi ndiyo hadithi nzima, na hapa baridi ni mlinzi anayekuzuia kuifikia hadithi.

Sasa, mchezaji wa Kwale huja na upeo gani? Pwani ya kusini si nchi ya baridi. Hata wakati wa kipupwe, upepo wa kusi unapovuma na wazee wakavaa sweta alfajiri, joto la Diani ni nadra kushuka chini ya nyuzi 20. Zaidi ya hayo, katika Kiswahili cha pwani neno baridi aghalabu ni neno la faraja: maji baridi, kivuli cha baridi, upepo wa baridi baada ya jua la mchana. Adui wa mwili ni joto. Niliwatazama vijana wanne wakiucheza mchezo huu Msambweni kwenye kompyuta, mmoja akishika pedi na watatu wakiwa nyuma yake wakitoa amri. Mara tatu za mwanzo Carl alikufa kwa baridi, na kila mara waliokuwa nyuma walitafuta aliyempiga. Hawakuamini kwamba hewa tupu inaweza kuua. Walipoelewa, mchezo ulibadilika kabisa machoni mwao, na kuni zikawa na thamani kuliko risasi. Naamini huo ulikuwa usomaji sahihi kuliko wa mchezaji wa Montréal anayejua tangu utotoni kwamba theluji huua, na kwa hiyo haoni ajabu yoyote ndani yake.

Mzimu unapokuwa wa kweli

Lawama iliyotolewa na wachezaji wengi wa Ulaya na Marekani ni kwamba Kona huanza kama hadithi ya upelelezi na kuishia kama hadithi ya kiumbe cha kutisha. Wapo waliolalamikia mapigano kuwa mazito na mikono kuwa mizito, na hilo ni kweli. Wapo waliosema mwisho umekuja ghafla. Lakini lawama inayotuhusu wanafunzi wa fasihi ni ile ya utanzu. Walitarajia mpelelezi atafute mtu mwenye kosa. Wakakuta wendigo, pepo wa baridi na njaa katika imani za Wakrii na jamaa zao, ambaye huhusishwa na ulafi usiotosheka na moyo uliogeuka barafu.

Ni vyema kulilinganisha jambo hili na Mzimu wa Watu wa Kale, kwa sababu riwaya ile imefanya kinyume chake hasa. Maiti inapatikana mahali pa mizimu, watu wanahofu, Bwana Msa anakuja na kuonyesha kwamba palipodhaniwa pana mzimu pana mkono wa binadamu. Imani inasalimu amri mbele ya hoja. Hii ndiyo kanuni ambayo riwaya ya upelelezi iliirithi kutoka Ulaya, na Muhammed Said Abdulla aliipokea kwa ufundi mkubwa. Kona inaanza na hoja, na kidogo kidogo hoja inakosa miguu. Mchezaji aliyelelewa na kanuni ile huona amesalitiwa.

Mchezaji wa Kwale je? Hapa nathubutu kusema kwamba upeo wake unamsaidia. Nusu saa kwa gari kutoka mahoteli ya Diani upo msitu wa Kaya Kinondo, mojawapo ya makaya matakatifu ya Wamijikenda yaliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mgeni anayeingia huvishwa kitambaa cheusi kiunoni na kuambiwa asichukue chochote, hata jani. Si lazima mtu awe anaamini nguvu za kaya ndipo ayajue masharti yake. Waislamu wengi wa Kidigo, wakiwemo wenye kuzikosoa imani hizo, wanayajua. Na anayeyajua hushangazwa kidogo sana na msitu wenye mlinzi. Vijana wale wa Msambweni, kiumbe kilipojitokeza, hawakuuliza kama kipo. Waliuliza kimekosewa nini.

Kwa maoni yangu swali hilo ndilo swali la upelelezi lililobaki ndani ya Kona, na wale waliosema upelelezi umekufa hawakuliona. Mkosaji hatafutwi tena. Linalotafutwa ni kosa. Tajiri amekuja na mtaji wake katika nchi ya watu wengine, mali yake inaharibiwa, naye anamlipa mpelelezi ili ajue ni nani. Mpelelezi, kwa kusoma karatasi za kijiji, anaanza kuuliza ni kwa nini. Watu wa Kwale wana sababu zao za kulielewa swali la namna hiyo. Familia za Maumba na Nguluku zilihamishwa ili mgodi wa titani upate nafasi, mgodi uliochimbwa tangu 2013 hadi mwisho wa 2024. Simaanishi kwamba mchezo wa Kanada unazungumza juu ya Kwale. Ninachosema ni kwamba anayecheza haachi ardhi yake mlangoni.

Vivyo hivyo kwa Wakanada wenyewe. Mwaka 1970 huko Québec haukuwa mwaka wa kawaida: mwezi wa Oktoba kundi la wapigania uhuru wa jimbo hilo liliwateka mwanadiplomasia wa Uingereza James Cross na waziri Pierre Laporte, Laporte akauawa, na serikali ikatangaza sheria za hali ya vita. Mchezaji wa Québec huubeba mwaka huo ndani ya mchezo bila kuambiwa. Wetu hawezi.

Nani atasoma barua?

Tatizo kubwa la upokezi wa Kona kwetu si theluji wala wendigo. Ni lugha. Sababu ya mambo yote imefichwa katika barua, daftari, orodha za duka na picha zinazopigwa na Carl. Asiyezisoma hubaki na kiumbe kisicho na kisa. Mchezo umewekewa lugha kadhaa, Kiswahili hakimo. Katika kumbi za gemu za Ukunda, ambako michezo ya kandanda hutawala na kila mechi hulipiwa, hakuna atakayelipa ili asome barua ya Kiingereza kurasa mbili.

Hata hivyo Afrika Mashariki imeshawahi kulitatua tatizo la aina hii. Filamu za Kihindi na za Hong Kong zilitufikia kupitia vinywa vya wasimulizi: nchini Tanzania marehemu Lufufu, nchini Kenya DJ Afro, ambao hawakutafsiri tu bali walitia chumvi, walicheka, walimwonya mhusika. Na Kona tayari ina mtu wa namna hiyo. Mchezo mzima husindikizwa na sauti ya msimulizi wa nafsi ya tatu anayemtaja Carl kwa jina, anayesema anachokiona na anachokiogopa, mara nyingine kwa kejeli nyepesi. Wapo wachezaji waliochoshwa naye, wengi walimpenda. Yule kijana mwenye Kiingereza kizuri kati ya wale wanne wa Msambweni aliishika kazi hiyo bila kuombwa. Aliisoma barua kimya, kisha akaisimulia kwa Kidigo na Kiswahili, na wenzake wakawa wanamngoja yeye kabla ya kufungua mlango unaofuata.

Nilimsikiliza kwa makini kwa sababu ya sarufi. Msimulizi wa Kona husema jambo wakati mchezaji analitenda, si baadaye. Kijana yule alianza na -li-, kama kitabu: Carl aliingia dukani. Punde akahamia -ka-, kama ngano: akaona, akanyamaza, akarudi garini. Kisha, tufani ilipozidi na kuni zikakaribia kwisha, akaacha yote mawili akabaki na -na-, kama mtangazaji wa mpira. Mfasiri atakayeuleta mchezo huu katika Kiswahili atapaswa kuchagua mojawapo, au kuziacha zote tatu zipokezane kama alivyofanya yeye. Msamiati wa baridi nao utamtaka ajinyime usingizi: tunayo theluji, tunayo barafu, na sakitu tunayo tangu zamani, lakini ile theluji nyepesi inayopeperushwa na upepo hata mtu asiuone mkono wake, hiyo yule kijana aliiita vumbi jeupe.