Datsun 240Z na 260Z mbele ya chumvi ya Pwani

Datsun 240Z ni gari la spoti la viti viwili, lenye boneti ndefu na mgongo ulioteremka hadi nyuma, ambalo Nissan ya Japani ililionesha kwa mara ya kwanza Oktoba 1969. Kwao liliitwa Fairlady Z. Yutaka Katayama, aliyeongoza Nissan nchini Marekani, aliona jina hilo halilifai gari la mbio, akataka libandikwe namba tu: 240, kwa kuwa injini yake ni ya lita 2.4. Mwaka 1974 likafuata 260Z, la lita 2.6. Ukiyatazama kwa mbali ni pacha. Anayeyamiliki yote mawili ndiye anayejua kwamba yametoka tumbo moja lakini hayana mwendo mmoja. Na kwa anayeyaweka Dunda, katika mji wa Bagamoyo, ambako upepo wa bahari hauna mlango usioingia, ipo tofauti nyingine inayozizidi zote: kila moja limeliwa kiasi gani na kutu.

Afrika Mashariki ililijua 240Z kwa vumbi na tope. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye yakawekwa wakati wa Pasaka, masika yanapolainisha barabara. Mwaka 1971 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, na msoma ramani wake Hans Schüller walishinda kwa 240Z jekundu lenye boneti nyeusi. Shekhar Mehta na Mike Doughty walikuwa wa pili, nao kwa 240Z. Mwaka 1972, mashindano yalipoanzia Dar es Salaam, ushindi ulikwenda kwa Hannu Mikkola na Gunnar Palm wa Ford Escort, wageni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Mwaka uliofuata Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, aliurudisha ushindi kwa 240Z baada ya kulingana alama za adhabu na Msweden Harry Källström, aliyekuwa pia katika Datsun. Ilibidi kuangaliwa nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupoteza alama ya kwanza. 260Z halikuwahi kupata heshima hiyo. Mwaka 1974, lilipotoka, Joginder Singh alishinda kwa Mitsubishi Colt Lancer, na zama za gari hili la boneti ndefu kwenye Safari zikawa zimepita.

Sifa hiyo haikuja kwa bahati. Injini ina silinda sita zilizopangwa kwa mstari, bloku ya chuma cha kumimina, hedi ya alumini na kabureta mbili, na kila gurudumu lina springi na shokapu yake, ya nyuma kama ya mbele, jambo ambalo magari mengi ya bei hiyo hayakuwa nalo. Breki za mbele ni za diski, za nyuma ni za ngoma. Fundi aliyezoea Datsun za kawaida za miaka ya 1970 hakuti ndani yake kitu cha kumtisha.

Tofauti ya injini iko kwenye krenkshafti. Upana wa silinda ni uleule katika magari yote mawili, milimita 83, ila pistoni ya 240Z husafiri milimita 73.7 na ya 260Z milimita 79. Ndivyo cc 2,393 zinavyokuwa cc 2,565. Dereva huihisi kabla hata hajaielewa. 240Z hupenda kuzungushwa. Hupata nguvu kadiri mshale wa mizunguko unavyopanda, na sauti yake hubadilika kutoka mngurumo hadi mluzi wa juu. 260Z huvuta mapema zaidi, hata likiwa kwenye gia kubwa, na halimlazimishi dereva kurudi gia ya chini kila anapolipita lori katika barabara ya Msata. Bodi ya 260Z pia iliimarishwa kwa chini, ndani ikabadilishwa dashibodi, nyuma taa zikapangwa upya, nalo likaongezeka uzito. Utulivu huo una bei yake: wepesi wa 240Z, lenye tani moja na ushei tu, ndio unaolifanya lipinde kona kama linajua lenyewe nia ya dereva. Kwa furaha ya kuendesha, la kwanza ndilo bora. Kwa safari ya kutoka Bagamoyo hadi Tanga na kurudi, la pili halichoshi.

Hata 240Z zenyewe hazilingani. Za mwanzo zina matundu ya hewa kwenye mlango wa nyuma, yaliyokuwa yakivuta moshi wa ekzosi hadi ndani, ndiyo maana baadaye yakahamishiwa pembeni, nyuma ya madirisha. Mwaka 1971 difu nayo ilisogezwa nyuma milimita 35 ili shafti za magurudumu zisikae kwa mshazari.

Mnunuzi asome namba ya chesisi kabla ya kuangalia rangi. HS30 ni 240Z la usukani wa kulia, unaofaa Tanzania. HLS30 ni la usukani wa kushoto. RS30 ni 260Z la kulia, na herufi GRS30 zinaonesha lile refu la viti vinne, ambalo ni gari jema la familia lakini si umbo lile lililopendwa. Magari yaliyouzwa Marekani yana mtego wake. Sheria za moshi za huko zililazimisha kabureta zenye mfuniko bapa kwenye 240Z za 1973 na 260Z za 1974, na petroli hugeuka mvuke ndani yake injini ikipata moto. Joto la Pwani halisamehe kosa hilo. Wengi wamezing'oa na kurudisha zile za zamani zenye mfuniko wa duara.

Lakini linaloamua yote ni bati. Bodi za magari haya zilitengenezwa kwa bati jembamba lisilo na kinga ya kutosha, na hewa ya bahari ina chumvi inayonasa unyevu usiku kucha. Kutu huanzia pasipoonekana: chini ya betri, ambapo tindikali husaidia kazi yake, sakafuni chini ya zulia, ndani ya vizingiti vya milango, nyuma ya magurudumu, na kwenye mfereji ulio chini ya waipa. Mfereji huo ndio wa kuchunga hasa. Gari likilazwa chini ya mkungu au mwembe, majani huziba tundu la kutolea maji, na maji hayo hutafuta njia ya kwenda sakafuni. Fundi bodi asiye mwaminifu huziba kwa fila na kupuliza rangi, gari likang'aa kwa miezi michache. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa humfichua, kwa sababu haishiki palipo na fila.

Waunda majahazi wa pwani hii wana desturi ya kupaka mbao mafuta ya papa, yaani sifa, na kurudia kila chombo kinapopandishwa pwani. Gari la chuma linataka moyo uleule. Nta ya kuzuia kutu hupulizwa ndani ya vizingiti na miimo kupitia matundu madogo, na kazi hiyo hurudiwa. Kila gari likitoka barabara ya ufukweni huoshwa chini kwa maji baridi yasiyo ya chumvi. Turubai la plastiki ni adui, maana hufungia unyevu ndani. Banda lenye paa na upepo unaopita ni bora, na bora zaidi likiwa mbali na ufuo.

Joto huhitaji radieta safi na feni nzima, kwa kuwa hedi ya alumini juu ya bloku ya chuma hupinda injini ikichemsha, na gasketi hufuatia. Spea za injini hazijapotea: L28, ndugu mkubwa wa injini hizi, ilifungwa pia kwenye Nissan Patrol za petroli za zamani, na vifaa vingi huingiliana. Vioo, mipira ya milango na vipande vya bodi ndivyo huagizwa kutoka nje.

Anayeagiza gari zima akumbuke kwamba Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane, ilhali Tanzania huliruhusu lakini hutoza ushuru wa ziada kwa umri wake. Kati ya 240Z lenye sakafu iliyotoboka na 260Z lenye bati zima, la kununua ni la pili, bila kusita. Injini hufunguliwa na kufungwa upya kwa wiki kadhaa. Sakafu, vizingiti na miimo huchomelewa kwa miezi, na kila kiungo kipya kilichochomelewa ni mahali pengine ambapo chumvi itaanzia.