Thamani ya Mtafiti na Hesabu ya Marejeleo: Mfano wa Rosemary Lowe-McConnell

Mhadhiri anapoomba kupandishwa cheo siku hizi, haulizwi tu ameandika makala ngapi. Huulizwa pia kazi zake zimerejelewa na wenzake mara ngapi. Makala hii inanuia kueleza jinsi hesabu hiyo inavyofanywa na mambo inayoyaacha nje. Mfano wetu hautoki katika isimu wala fasihi, bali katika ikolojia ya maji baridi, yaani maziwa, mito na mabwawa.

Rosemary Lowe alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1921. Mwaka 1945 alikwenda Ziwa Nyasa kuchunguza perege na uvuvi wao. Mwaka 1948 alijiunga na shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki mjini Jinja, Uganda. Miongoni mwa samaki waliochunguzwa huko ni wale ambao wavuvi wa Ziwa Viktoria huwaita ngege na mbiru. Alipoolewa mwaka 1953 alilazimika kuacha kazi, kwa kuwa kanuni za utumishi wa kikoloni hazikumruhusu mwanamke aliyeolewa kuendelea na ajira. Hata hivyo hakuacha utafiti. Alichunguza samaki wa Guyana, kisha akaandika vitabu viwili kuhusu jamii za samaki wa nchi za joto, kimoja mwaka 1975 na kingine mwaka 1987. Mwaka 1997 alipewa nishani ya Linnean Society ya London. Alifariki mwaka 2014.

Je, mchango wa mtu kama huyu hupimwaje? Mwaka 1964 Mmarekani Eugene Garfield alianza kuchapisha fahirisi iliyoonyesha makala ipi imerejelewa na ipi. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo kinachoitwa fahirisi ya h. Mtafiti ana h ya 10 ikiwa kazi zake 10 zimerejelewa mara 10 au zaidi kila moja. Kipimo hiki ni rahisi, na humzuia mtu kujivunia wingi wa makala ambazo hakuna anayezisoma.

Hata hivyo, mfano wetu unaonyesha mapengo manne. Kwanza, kitabu kinachorejelewa mara 2,000 huongeza 1 tu katika fahirisi ya h, sawa na makala fupi iliyofikia kiwango hicho. Pili, matokeo ya utafiti wake wa Nyasa yalitolewa mwaka 1952 kama ripoti ya serikali, na fahirisi hizi zilijengwa juu ya majarida, si ripoti. Tatu, alianza kuandika kama Lowe, akaendelea kama Lowe-McConnell. Mashine isiyojua habari za ndoa huweza kumhesabu kuwa watu wawili. Nne, wapo perege wa Ziwa Jipe na wa Mto Pangani waliopewa majina ya kisayansi naye mwaka 1955. Kila jina la samaki hao linapoandikwa kikamilifu hufuatwa na maneno “Lowe, 1955”, lakini kwa kawaida kutajwa huko hakuhesabiwi kuwa marejeleo.

Sisi walimu wa Kiswahili tunayajua mapengo haya. Kazi zetu nyingi ni vitabu vya kiada, kamusi, tafsiri na makala katika majarida kama Kiswahili na Mulika, ambayo fahirisi kubwa za kimataifa hazikujengwa kwa ajili yake. Mwenye kutegemea tarakimu pekee atadhani hatukufanya kazi.

Lakini lawama nyingine ni yetu wenyewe. Mara ngapi mwanafunzi huchukua hoja kutoka tasnifu ya mwenzake, kisha akaweka katika marejeleo vitabu vya Kiingereza tu kwa sababu vinaonekana vizito zaidi? Asiyetajwa na wenzake hawezi kutajwa na walio mbali.

Kwa hiyo, ndugu mwanafunzi, unapoandika tasnifu yako zingatia mambo matatu. Chagua namna moja ya kuandika jina lako na udumu nayo. Taja kila kazi uliyoitumia, iwe ripoti, tasnifu au makala ya Kiswahili. Na chanzo chako kikiwa ni mvuvi, mkulima au mzee aliyekupa msamiati, mwombe ruhusa, kisha eleza wazi kwamba maneno hayo uliyapata kwake.