Mambo ya kuzingatia unaponunua kerezo la chuma kwa karakana ya nyumbani

FUNDI anayekarabati mashine za kusaga unga au pampu za maji nyumbani kwake hufika mahali ambapo mashine za kuchomelea na kutoboa hazimtoshi tena.

Bushi ikilika au shafti ikiharibika, hana budi kufunga safari hadi kwa mwenye kerezo, yaani mashine ya lethi, katika maeneo kama Kamukunji au Kariobangi jijini Nairobi. Huko husubiri zamu yake, kisha sehemu ya malipo aliyotarajia kuyatia mfukoni huishia kwa mwenzake.

Ndipo wengi huamua kujinunulia mashine yao. Hata hivyo, uamuzi wa pupa unaweza kumeza akiba ya miaka mingi na kumwachia fundi chuma kizito kisichozaa chochote.

Jambo la kwanza kuzingatia ni kazi utakayofanya, wala si bei. Ukubwa wa kerezo hutajwa kwa vipimo viwili: kipenyo cha kitu kikubwa zaidi kinachoweza kuzunguka juu ya kitanda cha mashine, na urefu wa kitu kinachoweza kushikwa kati ya kichwa na mkia wake.

Kwa mfano, kerezo aina ya Myford ML7, lililoundwa Uingereza kuanzia miaka ya 1940, huchukua kitu chenye kipenyo cha inchi 7. Lakini kipimo hicho hupungua sana pale kitu kinapopita juu ya kibebeo cha kisu. Uliza vipimo vyote viwili.

Uliza pia upana wa tundu linalopita katikati ya kichwa. Shafti ndefu ikiweza kupenya humo, utakereza ncha yake hata kama kitanda ni kifupi.

Jambo la pili ni umeme. Nyumba nyingi nchini zina umeme wa fezi moja wa volti 240, ilhali makerezo mengi yaliyotoka viwandani hutumia fezi tatu, volti 415.

Mashine ya aina hiyo haitafanya kazi nyumbani mpaka ubadilishe mota au ununue kifaa cha kugeuza umeme. Gharama hiyo ijumlishwe kwenye bei kabla ya kukubaliana na muuzaji.

Tatu, chagua kati ya mashine mpya ndogo na kuukuu kubwa. Makerezo madogo ya mezani kutoka China huweza kuwa na uzito wa takriban kilo 40 tu, na hutumia umeme wa kawaida. Yanafaa kwa pini, bushi ndogo na mafunzo.

Udhaifu wake ni kwamba wepesi huo huifanya mashine itetemeke kisu kinapouma chuma kigumu, hivyo itakubidi upunguze chuma kidogo kidogo. Kerezo zito hutulia, lakini huhitaji sakafu imara na watu wa kutosha kulishusha.

Ukiamua kununua lililotumika, usidanganywe na rangi mpya. Kitanda huchakaa zaidi karibu na kichwa, ambako kazi nyingi hufanyika. Kaza kibebeo cha kisu kikiwa hapo hadi kisiwe na ulegevu, kisha kisukume kuelekea mkiani. Kikikwama njiani, jua kwamba kitanda kimelika.

Jaribio jingine ni kukereza kipande cha chuma chenye urefu wa milimita 100, kikishikwa upande mmoja tu, kisha kupima unene wake kwa maikromita kwenye ncha zote mbili. Vipimo vikitofautiana sana, mashine haijanyooka. Sikiliza pia mlio wa gia na beringi.

Usisahau nyuzi za skrubu. Mabomba ya maji hufuata inchi ilhali bolti nyingi za magari hufuata milimita. Kwa kuwa inchi moja ni milimita 25.4, kerezo la inchi huhitaji gia ya meno 127 ili likate nyuzi kamili za milimita. Hakikisha kwamba gia za kubadilisha zimo katika mauzo, kwani zikipotea ni vigumu kuzipata.

Tenga pia fedha za visu, kishikio chenye taya nne na vifaa vya kupimia.

Mwisho, usalama. Usivae glavu wala nguo zinazoning'inia mashine inapozunguka, vaa miwani ya kukinga macho, na usiache kamwe ufunguo kwenye kishikio. Hakikisha swichi ya kuzima iko karibu na mkono. Nyumbani kuna watoto, na kerezo halitofautishi chuma na kidole.