Kwa Ngamia Hadi Sinai: Wanafunzi wa Yerusalemu Walioisoma Biblia Mahali Ilipozaliwa

Kila mwaka, katika Mkesha wa Pasaka, Mama Kanisa hutusomea simulizi la wana wa Israeli wakivuka bahari kwa miguu mikavu. Baada ya adhimisho, na zaidi katika mikutano ya jumuiya ndogo ndogo, waamini hutujia sisi mapadre na swali ambalo wengine hulisema kwa sauti ya chini, kana kwamba wanaungama dhambi: je, mambo haya yalitokea kweli, na yalitokea namna hii hii yalivyoandikwa? Kijana aliyefika sekondari hupiga hesabu. Kitabu cha Kutoka kinataja wanaume wapatao 600,000 waliotembea kwa miguu, bila kuhesabu watoto. Ukiongeza wanawake na watoto, umati huo unavuka watu milioni mbili. Walikunywa nini katika jangwa lile? Mifugo yao ilikula majani gani?

Swali hili si utovu wa imani. Zaidi ya miaka 130 iliyopita liliulizwa na watu wa sala, tena wakiwa wameketi juu ya ngamia. Tunaona inafaa kuwasimulia habari zao, kwa sababu jibu walilolipata limekuwa sehemu ya mafundisho ya Kanisa, ingawa waamini wengi hawajalisikia.

Tarehe 10 Machi 1890 aliingia Yerusalemu padre Mfaransa wa Shirika la Wahubiri, ndio Wadominikani, aitwaye Marie-Joseph Lagrange. Alikuwa na umri wa miaka 35. Wakuu wake walimtuma aanzishe shule ya Maandiko Matakatifu katika konventi ya Mtakatifu Stefano, kaskazini mwa Lango la Damasko, mahali ambapo Malkia Eudokia alijenga basilika katika karne ya tano kwa heshima ya shahidi wa kwanza. Basilika hiyo ilikuwa magofu. Shule ilifunguliwa tarehe 15 Novemba mwaka huohuo katika jengo lililokuwa machinjio, na pete za kufungia wanyama zilikuwa bado ukutani. Vifaa vyenyewe vilikuwa meza, ubao mweusi na ramani. Msomaji aliyewahi kufundisha katika shule ya parokia inayoanza atatabasamu hapa.

Kilichokuwa kipya si majengo bali mpango wa masomo. Ulaya ya wakati ule ilikuwa na maprofesa wengi waliozijua lugha za Biblia bila kuwahi kuiona nchi ya Biblia. Padre Lagrange alitaka kitabu na nchi visomwe pamoja. Wanafunzi walijifunza Kiebrania, Kiaramu na Kiarabu darasani, kisha wakatoka: matembezi mafupi ndani na kandokando ya mji, safari za siku nzima, na mara kadhaa misafara mirefu ya wiki nyingi kwa farasi na ngamia, ng'ambo ya Yordani, Moabu, Petra na Sinai. Neno msafara halihitaji maelezo kwetu sisi tunaoishi katika nchi zilizopitiwa na misafara kutoka pwani hadi maziwa makuu. Tofauti ni kwamba msafara huu ulibeba vitabu, vioo vya kupigia picha, na makunyanzi ya karatasi nene.

Karatasi hizo zilikuwa na kazi ya pekee. Mwanafunzi akikuta maandishi ya kale yaliyochongwa kwenye jiwe, alilisafisha jiwe, akaloanisha karatasi, akaibandika juu yake na kuipigapiga kwa brashi mpaka iingie katika kila mchongo. Ilipokauka aliibandua, na karatasi ikabaki na alama ya kila herufi. Hivyo jiwe lisilobebeka lilisafirishwa hadi Yerusalemu ndani ya mfuko. Ni kazi rahisi kueleza na ngumu kuitenda, hasa penye upepo, juu ya ngazi, na maji ya kulowanishia karatasi yakiwa ndiyo hayohayo ya kunywa.

Mwanzoni mwa 1893 Padre Lagrange mwenyewe alishika njia ya Sinai pamoja na wenzake. Njia ya wasafiri wa zama zile ilianzia Suez, ikapita Ayun Musa, yaani chemchemi za Musa, ikashuka kando ya ghuba na kuingia katika mabonde ya mawe. Waongozaji walikuwa Wabeduini, wenye ngamia wao na mapatano yao ya ujira yaliyojadiliwa kwa saa nyingi. Kufika katika monasteri ya Mtakatifu Katarina kulihitaji zaidi ya wiki moja. Msemaji wa Kiswahili angejihisi si mgeni kabisa katika majina ya njia hiyo. Kuna Wadi Mukattab, bonde la maandishi, na katika jina hilo tunasikia ndugu wa maneno yetu kitabu na maktaba. Kuta zake zimejaa majina yaliyochorwa na wasafiri Wanabatea wa karne za mwanzo za Ukristo. Kuna Jebel Musa, mlima wenye mita 2,285, ambao jina lake hatuhitaji kulitafsiri kwa yeyote anayejua jabali ni nini.

Nchi ile iliwafundisha mengi. Waliona kwamba mwandishi wa Kitabu cha Kutoka hakuzungumzia jangwa la kubuni. Mwanzoni mwa kiangazi, katika mabonde ya Sinai, wadudu wadogo hufyonza utomvu wa mti ambao baadhi ya tafsiri zetu za Kiswahili huuita mkwaju (si huu mkwaju wetu wa kutengenezea juisi) na kuacha matone matamu ambayo Wabeduini huyaokota alfajiri kabla jua halijayayeyusha. Huyaita mann. Kware nao huvuka bahari kila mwaka na kutua pwani ya Sinai wakiwa wamechoka kiasi cha kukamatwa kwa urahisi. Mambo haya hayaifuti mana ya Kitabu cha Kutoka wala kuigeuza kuwa hadithi ya wadudu. Mungu aliyeiumba nchi ile ana haki ya kuvitumia vilivyomo. Yanaonyesha tu kwamba simulizi limetoka katika kumbukumbu za watu waliolijua jangwa.

Lakini nchi hiyohiyo ilileta fumbo. Bonde la Feirani, lenye mitende na maji mengi kuliko mahali pengine pote kusini mwa Sinai, ni ukanda mwembamba kati ya milima. Msafara mdogo hupanga siku zake kwa kuhesabu visima. Mtu aliyepita pale hawezi tena kuwaweka watu milioni mbili na makundi yao ya mifugo katika mabonde hayo, akawalaza, akawanywesha na kuwahamisha kesho yake. Padre Lagrange aliliona hilo kwa macho yake, na hakutaka kujifanya kwamba hakuliona. Wakati huohuo hakupata sababu yoyote ya kusema kwamba Musa hakuwapo au kwamba kutoka Misri ni uzushi. Kinyume chake, nchi ilimthibitishia kiini cha tukio. Uzito ulikuwa katika namna ya kulisimulia.

Hapa ndipo penye hatari halisi, na tungependa msomaji apime uzito wake. Wapo waliosema: hesabu haziwezekani, kwa hiyo Biblia ni uongo. Wapo waliosema: Biblia ni kweli, kwa hiyo nyamaza na usihesabu. Makundi haya mawili hushutumiana, lakini yanakubaliana katika jambo moja, nalo ni kwamba mwandishi wa kale lazima aandike kama karani wa sensa. Padre Lagrange alilikataa wazo hilo. Aliuliza kwanza: mwandishi huyu alikusudia kufundisha nini, na watu wa zama zake walisimuliaje mambo ya mababu zao? Simulizi linalokumbuka ukombozi, likatungwa kuwa utenzi wa taifa zima na kusomwa katika sikukuu, halipimwi kwa kanuni za ripoti ya serikali. Wataalamu wameongeza hoja ya lugha: neno la Kiebrania elef, lililo ukoo mmoja na elfu yetu kupitia Kiarabu, lina maana ya elfu, lakini pia lina maana ya ukoo au kikosi. Hoja hiyo haimalizi kila swali, ila inaonyesha jinsi ilivyo hatari kumlazimisha mwandishi atumie maneno kwa maana zetu.

Papa Leo XIII, katika waraka wake Providentissimus Deus wa Novemba 1893, alikuwa amefundisha kwamba waandishi watakatifu hawakukusudia kueleza maumbile ya ndani ya vitu, bali walisema kadiri mambo yanavyoonekana kwa macho. Padre Lagrange alijenga juu ya msingi huo. Mwezi Agosti 1897, katika kongamano la Wakatoliki huko Fribourg, Uswisi, alieleza maoni yake kuhusu vyanzo vya vitabu vitano vya Musa, na mwaka uliofuata hotuba hiyo ilichapishwa katika jarida la shule, Revue Biblique, alilolianzisha 1892. Tangu siku hiyo hakupata amani. Alituhumiwa na Wakatoliki wenzake kwamba anabomoa imani. Ufafanuzi wake wa Kitabu cha Mwanzo haukupata kibali cha kuchapishwa. Mnamo Juni 1912 idara ya Vatikano ilikataza baadhi ya maandishi yake yasitumike katika seminari, naye akaondoka Yerusalemu kwa takriban mwaka mmoja. Alimwandikia Papa Pio X barua ya utii. Hakuandika kitabu cha kujitetea, na hakuacha kufanya kazi: ufafanuzi wake wa Injili ya Marko ulikuwa umetoka 1911, na ule wa Luka, Mathayo na Yohane ulifuata kati ya 1921 na 1925. Wanaodhani kwamba mtafiti mwaminifu lazima achague kati ya ukweli na Kanisa wangefaa kuyasoma maisha haya polepole.

Wakati huo wote wanafunzi waliendelea kusafiri. Louis-Hugues Vincent, aliyefika akiwa kijana mdogo, alikuwa Petra pamoja na mwalimu wake mwaka 1896, nao wakarudi na nakala ya maandishi marefu ya Kinabatea yaliyo juu ya mlango wa kaburi. Antonin Jaussen, aliyefika kama mwanafunzi mwaka ule wa kwanza wa shule, alikaa miongoni mwa Wabeduini hata akaandika kitabu kizima juu ya desturi za Waarabu wa Moabu, kilichotoka 1908. Yeye na Raphaël Savignac walifanya safari tatu za utafiti kaskazini mwa Arabuni, 1907, 1909 na 1910. Mwishoni mwa 1908 na mwanzoni mwa 1909 kundi la shule lilizunguka Bahari ya Chumvi kwa chombo, kazi isiyo ya starehe katika maji yenye chumvi takriban mara kumi ya bahari ya kawaida, na Padre Félix-Marie Abel akaisimulia safari hiyo katika kitabu cha 1911. Sisi tuliosoma seminarini kwa ramani iliyobandikwa ukutani, ikiwa imechanika pale penye Galilaya, tunawaonea wivu mtakatifu, kama wivu wa namna hiyo upo.

Padre Lagrange alifariki dunia tarehe 10 Machi 1938 huko Saint-Maximin, Ufaransa, siku ileile ya mwaka aliyoingia Yerusalemu. Hakuona matunda. Miaka mitano baadaye, tarehe 30 Septemba 1943, Papa Pio XII katika waraka Divino Afflante Spiritu aliwahimiza wafafanuzi wa Biblia wachunguze aina za uandishi za watu wa kale, lugha zao, historia na akiolojia ya nchi zao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Dei Verbum ya 1965, uliliweka jambo hilo kuwa mafundisho kwa Kanisa zima: anayetaka kujua Mungu alitaka kutuambia nini lazima atafute kwa makini mwandishi alikusudia kusema nini na kwa mtindo gani. Kwa hiyo kijana wetu mwenye hesabu zake za Mkesha wa Pasaka hatakiwi kunyamazishwa na katekista wala na padre. Ameuliza kile ambacho Kanisa linamtaka aulize. Aambiwe kwamba Bwana aliwatoa watu wake utumwani, na kwamba idadi iliyoandikwa ni lugha ya taifa linaloimba ukombozi wake.

Shule ya machinjioni ingali pale, na ndiyo iliyoongoza kazi ya Biblia ya Yerusalemu, iliyotoka kwa Kifaransa katika juzuu moja mwaka 1956 na ambayo tafsiri zake kwa lugha nyingine zimo katika maktaba nyingi za seminari. Kesi ya kumtangaza mwanzilishi wake kuwa Mwenye Heri ilifunguliwa 1988, hivyo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Mahujaji wanaotoka majimboni mwetu kwenda Nchi Takatifu kwa kawaida hupita Lango la Damasko wakikimbizwa na ratiba ya basi. Hatua chache kaskazini mwa lango hilo, ndani ya basilika ya Mtakatifu Stefano iliyojengwa upya na kutabarukiwa mwaka 1900, ndipo yalipo masalia ya Padre Lagrange, yaliyorudishwa kutoka Ufaransa mwaka 1967.